Uwezo wa kubadilika hauji na semina

Ndugu, umeuliza kama kampuni yako ya watu 12 inahitaji kuajiri mtaalamu wa mabadiliko, yaani mtu wa kuwafundisha namna ya kubadilika soko linapogeuka. Mimi ningesema bado. Tazama kampuni ya M-KOPA ya Kenya. Ilianza kuuza mitambo ya sola mwaka 2012: mteja analipa kianzio, kisha anatuma kiasi kidogo kwa M-Pesa siku hadi siku, asipolipa mtambo unajizima. (Mmoja wa waanzilishi wake, Nick Hughes, alikuwa ameshiriki kuianzisha M-Pesa yenyewe akiwa Vodafone, kwa hiyo hawakuanzia sifuri.) Leo inakopesha simu janja, hata pikipiki za umeme. Ukiangalia haraka utadhani wamehama biashara. Hawajahama. Walichojifunza kwenye sola ni kumkopesha mtu asiye na hati ya mshahara, kumfuatilia kwa malipo madogo madogo, na kuendesha mawakala wa mtaani. Ujuzi huo ndio waliouhamisha, bidhaa ikabadilika tu.

Kwa hiyo kaa na wenzako mjiulize mnajua kufanya nini ambacho kingebaki hata bidhaa yenu ikifa kesho. Kiandikeni, maana mkifika watu 50 wale wa mwanzo waliokibeba kichwani watakuwa wameondoka au wanashinda vikaoni. Halafu jaribuni kitu kipya kwa wateja wachache, na mkubaliane mapema lini mtakiacha. Hapo kwenye kuacha ndipo wengi tunashindwa, hasa kama wazo lilikuwa la bosi.