Tetesi za kadi mpya za gemu: ipi ya kusikiliza, ipi ya kutupa Kilindini

Swali lilikuwa hili: mtu yuko Bamburi, Mombasa, kompyuta yake ina RTX 3080, kadi ya NVIDIA ya kuchora picha za gemu yenye memori ya gigabaiti 10, pawasaplai ya wati 750, skrini ya 4K ameshanunua, na kibindoni ana laki mbili za Kenya. Anunue kadi sasa, au angoje hizo mpya ambazo kila wiki mtandaoni zinapewa wati, memori na bei tofauti?

Ndugu yangu, tetesi si zote uongo, ila hazina uzito mmoja. Za memori unaweza kuzipima mwenyewe kwa hesabu ya shule ya msingi. Za wati zina mzizi hata zikitiwa chumvi. Za bei zitupe Kilindini, maana anayezisambaza hawezi kujua jambo ambalo kampuni yenyewe haijaamua.

Chukua RX 9070 XT, kadi ya AMD, mshindani wa NVIDIA. Januari 2025 maboksi yalikuwa yameshafika kwenye stoo za wauzaji ng'ambo, na AMD bado haijatamka bei. Ilikuwa inamvizia mwenzake. NVIDIA ilishataja RTX 5070 Ti kwa dola 749; AMD ikanyamaza mpaka 28 Februari ndipo ikasema dola 599, na kadi zikaanza kuuzwa 6 Machi. Sasa kama bei ilisubiri hadi mzigo umekaa stoo, kijana wa YouTube aliitoa wapi miezi minane kabla? Na hata tangazo rasmi si mwisho wa mambo. Septemba 2022 NVIDIA ilitangaza RTX 4080 ya gigabaiti 12 kwa dola 899, watu wakaja juu, ikaiondoa kabla haijauzwa, na Januari 2023 ikairudisha kwa jina la RTX 4070 Ti, dola 799.

Memori ndiyo tamu. Kila chipu ya memori ya kadi hushika njia ya data ya biti 32. Gawanya upana wa njia kwa 32, utapata idadi ya chipu. Zidisha kwa ujazo wa chipu moja. Hiyo 3080 yako ina biti 320, kwa hiyo chipu 10 za gigabaiti 1 kila moja. RTX 5090 ina biti 512, chipu 16 za gigabaiti 2, jumla 32. GDDR7, aina ya memori ya kadi hizi mpya, ipo pia kwa chipu za gigabaiti 3, na ndiyo sababu tetesi za kadi ya biti 256 yenye gigabaiti 24 zina mashiko: chipu 8 mara 3. Biti 192 nayo itakupa 12 au 18. Ukisoma mahali kwamba kadi inakuja na biti 256 na gigabaiti 20, funga ukurasa ukanywe kahawa, hesabu haiingii. Njia nyingine ni kubandika chipu pande zote mbili za ubao, kama RTX 5060 Ti ya biti 128 inavyopata gigabaiti 16 badala ya 8, lakini hapo ujazo unaongezeka mara mbili, si kwa nusunusu. Kasi pia ipime: biti gawa kwa 8, zidisha kwa kasi ya chipu. 512 gawa kwa 8 ni 64, mara 28, kasi ya chipu zake, ni gigabaiti 1,792 kwa sekunde, na ndicho kilichoandikwa kwenye 5090.

Kwa upande wa wati, kabla ya RTX 4090 kutoka watu waliapa itakula 600 na zaidi. Ikatoka na 450. Hawakutunga: kipoza joto chake kilikuwa kikubwa kupita mahitaji, na baadhi ya kadi zinaruhusu kupandishwa hadi 600. Inaelekea waliona kikomo cha juu, wakakitangaza kama matumizi ya kawaida. Kwa hiyo ukisikia wati za kutisha, ichukue kama dari, usiichukue kama sakafu. Na chati za wenye kampuni nazo zisome kwa jicho moja. Pale Las Vegas Januari 2025 NVIDIA ilisema RTX 5070 ya dola 549 inafikia 4090. Inafikia pale tu unapohesabu fremu, yaani picha zinazopita kwenye skrini, zinazobuniwa na AI, tatu kati ya kila nne.

Wati ndizo nazikazia kwa sababu huku kwetu ndizo zinazoamua. Pawasaplai yako ya 750 inatosha 9070 XT, ambayo hula 304, na 5070 Ti ya 300. Kwa RTX 5080 ya wati 360, NVIDIA inashauri 850, na kwa 5090 ya wati 575 inashauri 1000. Ukibadilisha, nunua yenye tundu lake la 12V-2x6, ile konekta mpya ya kupeleka umeme kwenye kadi, usitegemee adapta ya mikia minne.

Hiyo konekta ndiyo inayoungua, na sababu yake ni hesabu vilevile. Ina pini 12 za umeme, sita ndizo zinazobeba volti 12. Wati 575 gawa kwa 12 ni takriban ampea 48, yaani ampea 8 kwa kila pini, wakati uwezo wa pini ni zaidi kidogo ya 9. Ile ya zamani ya pini 8 ilibeba wati 150 kwa pini tatu, kama ampea 4 kila moja. Ilikuwa na nafasi ya kukosea. Hii haina. Pini mbili zikigusa vibaya, mzigo wote unahamia kwa nne zilizobaki na plastiki inaanza kulainika. Chomeka waya kabla kadi haijaingia kwenye kasha, sukuma mpaka usikie "tik", kisha mulika kwa tochi ya simu: kusiwe na mwanya hata wa ukucha. Usikunje waya ndani ya sentimita 3.5 kutoka kwenye konekta. Mafundi wa sola wana mita ya kubana inayosoma DC. Azima, washa gemu nzito, ubane waya moja moja kati ya zile sita. Zikiwa karibu sawa, lala. Mmoja ukisoma ampea 15 na mwingine 2, zima, chomoa, chomeka upya.

UPS, yaani betri za akiba, za dukani za 650VA hutoa chini ya wati 400. Mashine yenye 5090 inavuta karibu 800 ukutani, kwa hiyo stima ikipotea UPS inazima papo hapo, haikupi hata nafasi ya kuhifadhi gemu. Wati 800 hizo kwa saa nne kila siku ni yuniti 96 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya tokeni yako. Joto lake nalo ni kama BTU 2,700 kwa saa, karibu theluthi moja ya AC ya 9,000. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba bila AC kitakuwa tanuri. Shusha kikomo cha wati za kadi hadi karibu 450 kwa programu ya Afterburner, au andika amri nvidia-smi -pl 450. Unapoteza asilimia chache tu za fremu. Kasha lisikae mbele ya dirisha linalotazama bahari, chumvi hula mapezi ya kipoza joto na pini.

Sasa laki mbili zako. 5080 ilitangazwa kwa dola 999. Kwa shilingi 129 kwa dola ukiongeza VAT ya asilimia 16, ni karibu 149,500 kabla ya usafiri na faida ya mwenye duka. Lakini kwanza jua ugonjwa ni nini. Cheza kwa 4K, shusha ubora wa tekscha (picha zinazofunika vitu ndani ya gemu) ngazi moja tu, mengine usiguse. Kukwamakwama kwa gemu kukitoweka, kilichokusumbua ni gigabaiti 10, na kadi yoyote ya 16 inakutibu leo, hakuna haja ya kungoja. Kama fremu bado ziko chini vilevile, washa DLSS, teknolojia ya NVIDIA inayochora picha ndogo kisha kuikuza kwa AI, 3080 inaikubali, na hapo unaweza kusubiri bila kuumia.

Ila 3080 usiiuze kwa sababu ya tangazo. Septemba 2020 NVIDIA ilipotaja RTX 3070 kwa dola 499, wenye 2080 Ti, kadi ya NVIDIA ya kizazi kilichotangulia, walizitupa sokoni kwa hofu, kisha kadi mpya zikakosekana madukani na za mtumba zikapanda. Waliouza wakabaki wanatazama skrini nyeusi. Mpya ikae kwanza kwenye kasha, ifanye kazi wiki mbili, ndipo uitafutie ya zamani mteja.