Mpangaji hajalipa miezi minne, mwanangu ameng'oa mlango

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe wangu. Mimi ni mjane, nimetoka eda wiki mbili zilizopita. Marehemu mume wangu aliacha nyumba ya vyumba sita hapa Mwanga, Kigoma. Vyumba vinne tunapangisha, kila kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Viwili anakaa mfanyabiashara wa dagaa wa mwaloni Kibirizi na mkewe. Alikubaliana na marehemu mwaka mzima, akalipa miezi sita ya mwanzo, iliyobaki aanze kulipa Juni. Mpaka leo hajatoa hata senti. Anasema Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi biashara ilikufa, tena anadai akatiwe 45,000 alizozibia bati lililokuwa likivuja. Kweli marehemu alimwambia mbele yangu, "Rekebisha, tutakatana." Mwanangu mkubwa, ambaye ndiye anakusanya kodi, anasema mkataba ulikufa na baba yake, na kila mwezi wa kuchelewa amwongezee 10,000. Jumapili aling'oa mlango wa mpangaji, uko jikoni kwangu. Mke wa mpangaji ametundika khanga. Tena kuna mtu anataka chumba cha mbele afungue grosari, yuko tayari kulipa mwaka mzima taslimu. Tufanyeje? Mume wangu alikuwa na mke mmoja, wazazi wake walishatangulia. Tuna wavulana wawili na mabinti wawili, wa mwisho yuko darasa la tatu.

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mama yangu, Allah amrehemu mzee na akupe subira.

Nianze na mlango, kwa sababu usiku wa leo kuna mwanamke analala nyuma ya khanga. Watu wengi wanaopangisha hudhani wamemkaribisha mtu nyumbani kwao, na mgeni akikera hutolewa. Sivyo. Ijara, yaani kukodisha, mafakihi, wanazuoni wa sheria ya dini, wanaieleza kuwa ni kuuza manufaa. Kuta na bati vimebaki vyenu, lakini kulala mle ndani, kufunga mlango na kusitirika mmeshaviuza kwa muda mliokubaliana. Allah anasema katika Suratun-Nur, aya ya 27, tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tubishe hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Chumba cha mpangaji, ndani ya muda wake, kwa hukumu hii si chenu. Mwanao hana ruhusa hata ya kuchungulia dirishani, sembuse kung'oa mlango. Deni ni haki yenu, lakini haliwapi ruhusa ya kumvua mtu sitara yake.

Kwamba mkataba ulikufa na baba, hilo wamelisema Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa. Sisi huku wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu ijara haivunjiki kwa kufa mmoja wa waliofunga mkataba. Warithi wanaipokea nyumba pamoja na mpangaji wake mpaka muda uishe. Kwa hiyo yule bwana ana haki ya kukaa hadi mwisho wa Novemba, na nyinyi mna haki ya kodi kamili. Mwanao ajue pia kwamba hoja yake inamgeukia: kama mkataba ulikufa, ile kodi ya miezi minne kwa bei ya baba yake anaidai kwa lipi?

Sasa deni. Miezi minne kwa vyumba viwili ni shilingi 240,000. Toeni zile 45,000 za bati. Angeziba bila ruhusa, ingehesabiwa amejitolea na asingekuwa na dai. Lakini umesikia kwa masikio yako marehemu akimwagiza, basi hilo ni deni la marehemu, na deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Yanabaki 195,000.

Hizo adaiwe vipi? Qur'ani, Suratul-Baqara aya ya 280, inasema mdaiwa akiwa na shida, angojewe mpaka afarijike. Sote Kigoma tunajua ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, na muuza dagaa hawezi kuuza dagaa ambao hawakuvuliwa. Kwa miezi ile ninamwamini kabisa. Lakini toka ziwa lifunguliwe, magiza mawili, yaani vipindi vya usiku usio na mbalamwezi, yameshapita, na dagaa wetu huvuliwa giza. Kama mitumbwi inashusha, yeye ananunua na kuanika, halafu anarudi nyumbani mikono mitupu mbele yenu, hapo inaingia hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim: kuchelewesha kulipa kwa mwenye uwezo ni dhulma. Sijui yeye ni yupi kati ya hao wawili. Nyinyi mnaishi naye ua mmoja, mnajua anapika nini. Mwiteni na mkewe, aseme kila giza ataleta kiasi gani, iandikwe, washuhudie watu wawili. Akivunja maandishi hayo, nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kumshitaki mdaiwa mkaidi si dhambi. Wapo wanaoona aibu kwenda huko lakini hawaoni aibu kung'oa mlango.

Ile 10,000 ya kila mwezi wa kuchelewa ni riba, isiguswe. Kodi mnaweza kuipandisha kwa mkataba mpya baada ya Novemba. Deni lililokwisha kuwa deni halizai.

Grosari: hapana. Unajua kitakachouzwa mle ni pombe, na aya ya 2 ya Suratul-Maida inatukataza kusaidiana katika dhambi. Mwambieni anayetaka kuuza mchele na mawese aje.

Lakini mama, kuna maneno yako machache yaliyonishtua kuliko mlango, na wala hukuyauliza: mwanao "ndiye anakusanya kodi". Anakusanya, kisha anaipeleka wapi? Toka siku ile mzee alipofariki, nyumba hii ni ya watu watano, na kodi yake ni ya hao watano kila mwezi, hata kama nyumba haijagawanywa. Vyumba vyote vikilipa, ni 120,000. Wewe una thumuni, yaani moja ya nane, 15,000. Zinazobaki 105,000 ni za watoto, mvulana kwa sehemu mbili na binti kwa moja: kila mvulana 35,000, kila binti 17,500. Gharama za nyumba zitolewe kwanza kwa wote. Mwanao akitaka ujira wa kusimamia, auombe na mkubaliane, asijikatie mwenyewe.

Na yule wa darasa la tatu ni yatima. Sehemu yake haina mtu wa kuisamehe, hata wewe mama yake huwezi. Kama mwanao akitaka kumpunguzia mpangaji deni, akate katika 35,000 zake; ya mtoto ibaki kamili, iwekwe, itumike kwa chakula chake, sare na daftari. Aya ya 10 ya Suratun-Nisaa juu ya wanaokula mali za mayatima kwa dhulma inasema wanakula moto matumboni mwao. Nimekaa na familia nyingi katika mirathi hapa mjini. Kwenye kugawa kiwanja huja ukoo mzima na mabishano. Kodi ya vyumba huliwa kimya kimya miaka kumi, na hakuna anayeiita wizi.

Jambo dogo la mwisho. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla; mwaka 2024 ilikuwa 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo. Kama mita anaitumia mpangaji na ndiye anayenunua umeme, basi analipa deni lenu, isipokuwa kama mliweka sharti hilo mapema akaridhia. Kama hamkuweka, mrudishieni au mkatane.

Nunueni daftari la kaunta, andikeni aliyelipa, lini, na kila mrithi alichopokea, asaini. Mwanao aje nalo msikitini baada ya Alasiri siku yoyote, tutahesabu pamoja toka Mei alipofariki mzee. Ila mlango usingoje daftari. Urudishwe leo kabla ya Magharibi, na kama bawaba zimepinda au fremu imepasuka, fundi alipwe na aliyeung'oa, kutoka mfukoni mwake, si kutoka kwenye kodi.

Wallahu a'lam.