Umeandika vizuri, wamesoma ubaya: majibu ya maswali yenu

Kwa grupu ya familia huwa najibu "nimeona" basi, sasa shemeji anasema nina madharau. Nifanye nini? (Kondele, Kisumu)

Dada yangu, shemeji hakuoni, hiyo ndio shida. Mkiwa jikoni ungesema hivyo huku unacheka na angejua hakuna neno, lakini kwa simu inafika kavu na yeye ndiye anaiwekea sauti, na kama ameshinda vibaya ataiwekea sauti mbaya. Mtafiti Justin Kruger na wenzake huko Marekani walipima hii kitu, wakachapisha 2005: wanaoandika barua pepe huamini wataeleweka kuliko vile wanaeleweka kweli, wanaoongea kwa sauti hawapotei sana hivyo. Ongeza tu kidogo: "Nimeona shem, asante kwa kutujulisha."

Mimi ni mweka hazina wa chama, nikikumbusha watu mchango wananiita askari. (Lurambi, Kakamega)

Pole, hiyo kazi ni ngumu na watu hawashukuru. Lakini hebu angalia meseji yenyewe. "WALE HAWAJATUMA WATUME LEO", hapo umepiga kelele maana herufi kubwa zinasomwa hivyo, hujasalimia, na yule alituma mapema pia anajiona amegombezwa. Sasa jaribu: "Habari za jioni wanachama, asanteni mliotuma. Bado tunangoja wanne, na mwenye zamu anachukua Jumamosi, anataka kununua mbegu. Mwenye ako na shida aniambie inbox tupange." Pesa ni ile ile na siku ni ile ile, ila sasa wanaona ni mwenzao anangoja, sio wewe unawasukuma. Na tafadhali majina ya wenye deni usiyaanike kwa grupu, mtu akiaibika mbele ya majirani hata pesa akiwa nayo atakaa nayo.

Mjomba ameweka ile emoji ya kucheka na machozi kwa tangazo la matanga! (Lanet, Nakuru)

Ameona machozi tu, hana ubaya. Mpigie simu pembeni umweleze kwa heshima, usimrekebishe mbele ya watoto. Hizi alama zinasaidia, hata ile ya tabasamu :-) mtaalamu wa kompyuta Scott Fahlman aliipendekeza 1982 pale chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kwa sababu watu walikuwa wanachukua mizaha kwa uzito, lakini kwa msiba andika pole kwa maneno.

Jirani amenijibu vibaya kwa grupu ya ploti, nimeshaandika jibu refu. Nitume? (Bungoma)

Usitume saa hii. WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, ndio, lakini aliyesoma ameshasoma na wa skrinishoti ameshapiga. Mwandikie inbox kwanza, "Ndugu, habari yako, pale ulimaanisha aje?", umpe nafasi ya kujieleza bila watu kuangalia, maana pengine aliandika akiwa kwa matatu anaharakisha. Akiendelea na matusi, hapo sasa mjibu kwa grupu mara moja tu, kwa jina lake, sentensi mbili, halafu uwaachie admin.