Kabla ya Kuilaumu Linux, Shika Multimeta

Wengi wetu tulioingia kwenye kazi ya kufunga mifumo ya nyumba hapa Mwanza tulianzia kwenye vibanda vya simu na kompyuta, na kule tulirithi dawa moja ya kila ugonjwa: piga window upya. Mashine nzito, piga window. Printa haionekani, piga window. Sasa tumehamia kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, mteja anataka taa zijiwashe na pampu ijizime, na kitu kikigoma kidogo tu mkono unakimbilia kufuta memori kadi na kuanza mwanzo. Nawaandikia nyie mnaoanza kwa sababu mimi niliipiga upya seva ya nyumba moja ya Isamilo mara tatu ndani ya wiki mbili, na tatizo halikuwa kwenye programu hata siku moja.

Nyumba ile ilikuwa na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye Home Assistant (programu ya kuendesha nyumba), kidude cha Zigbee cha kuchomeka kwenye USB kinachoongea na vifaa kwa redio, balbu kama kumi na tano na sensa za milango. Ilikaa miezi mitano bila neno. Kisha memori kadi ikafa. Hilo ni la kawaida, kadi zile hazikutengenezwa kwa kuandikwaandikwa mchana na usiku, na umeme ukikatika katikati ya kuandika ndiyo kabisa. Nikaona nimfanyie mwenye nyumba kitu cha maana, nikamwekea SSD ya USB, yaani diski ya kuchomeka. Siku hiyohiyo nikahamishia kila kitu kwenye kiboksi kimoja kizuri nyuma ya televisheni, na kwa kuwa waya wa chaja ya mwanzo haukufika huko, nikachomeka chaja ya simu niliyokuwa nayo kwenye begi, yenye waya wa mita mbili.

Baada ya siku mbili mayu, yaani mama mwenye nyumba, akanipigia. "Fundi, taa zako zinachagua. Ya jikoni inanisikia, ya sebuleni hainitaki."

Nilikuwa nimebadilisha vitu vitatu kwa mkupuo: diski, mahali pa kukaa na chaja. Kwa hiyo hata nilipotaka kufikiri sikuwa na pa kuanzia, nikafanya nilichozoea, nikafuta. Mara ya kwanza taa zikatulia usiku mmoja na mimi nikajiona daktari. Mara ya tatu mayu alinikaribisha chai kwa sura ya mtu anayehesabu hela zake.

Kiburi kilipoisha niliingia kwenye terminali nikaandika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likawa 0x50005. Ijueni namba hii kama mnavyojua namba ya mita ya LUKU ya nyumbani kwenu. Ukipata 0x0, umeme wa bodi haujatetereka tangu iwake. Ukipata 0x50000, ulishashuka wakati fulani na bodi ikapunguza kasi, ingawa sasa uko sawa. Ile 5 ya mwisho ndiyo inayosema unashuka muda huuhuu unaposoma. Bodi hii inaanza kulalamika volti zikifika chini ya takriban 4.63. Nikachukua multimeta, kile kipimo cha umeme cha mkononi, ncha nyekundu pini ya 4, nyeusi pini ya 6, polepole, maana pini hizo ni majirani na mkono ukitetemeka ukazigusisha umeua bodi ya watu. Ikasoma 4.7. SSD ilipoanza kuandika ikadondoka hadi 4.5.

Chaja yenyewe imeandikwa 5V 3A, na inawezekana inatoa kweli. Ila umeme unaotoka kwenye chaja siyo unaofika kwenye bodi. Waya mwembamba wa mita mbili unakula volti njiani, na kadiri mzigo unavyoongezeka unakula zaidi. Ndiyo maana chaja halali ya Pi 4 inatoa 5.1V na waya wake ni mfupi na mnene, ukiushika unausikia. Pi 5 ni mlafi zaidi, inataka 5A, kwa hiyo msiihamishie chaja ya kaka yake mkategemea amani.

Nikabadilisha chaja peke yake, nikaondoka. Sikugusa kingine. Kesho yake namba ikawa 0x0, mfumo mwepesi, lakini taa ya sebuleni bado hainitaki na mimi. Maana yake kulikuwa na magonjwa mawili yamelala kitanda kimoja.

La pili lilikuwa ile SSD. Soketi za bluu za USB 3.0, zikifanya kazi, zinatoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz. Intel walilieleza hili kwenye waraka wao wa mwaka 2012, na Zigbee inaongea kwenye masafa hayohayo. Nilikuwa nimechomeka kidude cha Zigbee ubavuni mwa SSD, ndani ya kiboksi, nyuma ya televisheni. Ni sawa na kumnong'oneza mtu akiwa amesimama mbele ya spika za harusi. Nikanunua Makoroboi waya wa kurefushia USB wa mita moja, nikauchomeka kwenye soketi nyeusi ya USB 2.0, kidude nikakipandisha juu ya kabati mbali na kila kitu. Taa ya sebuleni ikaitika kabla sijashuka kwenye stuli.

Mkiwa hapohapo tazameni na chaneli. Waifai ikikaa chaneli ya 1 au 6, wekeni Zigbee kwenye 25, inakuwa imejitenga. Ila chagueni siku ya kwanza, maana ukihamisha chaneli baadaye kuna vifaa vitakataa kufuata na utavisajili upya kimoja kimoja, ukiwa juu ya ngazi.

Sasa umeme wa nyumba yenyewe. Ziwa letu ni moja ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku, na sisi tumejenga juu ya miamba. Miamba hiyo mnaipigia picha, lakini fundi umeme anaijua kwa jina jingine: fimbo ya athi, ile ya kupeleka umeme wa hatari ardhini, haizami. Nimekuta nyumba ambayo fimbo imezikwa futi moja kisha ikakatwa kwa msumeno, juu ikapigwa zege kuficha aibu. Kabla hujafunga rauta na seva, mwombe fundi umeme mwenye leseni aipime athi. Usipime mwenyewe kama hujafundishwa. Halafu weka UPS ndogo, betri ya akiba, inayobeba rauta na seva pamoja, zote mbili. Ukiibebesha seva peke yake, umeme ukikatika itabaki hai bila mtandao, na huo ni uhai wa nusu.

Bila UPS kuna jambo lingine utaliona umeme ukirudi. Rauta nyingi zinachukua muda kuamka, seva inawahi, inaomba anwani na hakuna wa kuijibu. Ukiandika `ip a` ukakuta anwani inayoanza na 169.254, ujue imejipa yenyewe kwa kukosa mgawaji. Na hata ikipewa, huenda ikapewa tofauti na ya jana. Mteja alizoea kufungua 192.168.1.20:8123 kwenye simu, leo hapafunguki, anasema mfumo umekufa. Ingia kwenye rauta, ifungie seva anwani yake kwa kutumia namba ya MAC, ile ya utambulisho wa kifaa, na uiandike kwa kalamu ya wino kwenye kiboksi. Dakika tano.

Lakini kinachowasumbua zaidi wageni wa kazi hii Mwanza ni rauta ya pili. Nyumba za mlimani zinapanda kwa ngazi, chumba kimoja huku, kingine mita kumi juu kikiegemea jiwe lenye ukubwa wa daladala. Waifai haipenyi jiwe la namna hiyo. Mteja ananunua rauta nyingine mjini, anavuta kebo, anachomeka kwenye tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, na intaneti inafika juu, kila mtu anafurahi. Kasoro ni kwamba rauta ile imejenga ukuta wake. Chini kuna 192.168.1, juu kuna 192.168.0, na sensa ya juu inaweza kuifikia seva iliyo chini ikiijua anwani yake, lakini seva ikianza kuitafuta sensa haiioni. Nilikaa siku nzima Capri Point nikihangaika na sensa ya mlango iliyokuwa nzima. Ilitosha kulinganisha anwani ya simu yangu nikiwa chini na nikiwa juu. Igeuze rauta ya pili iwe kituo cha waifai tu, uizimie ugawaji wa anwani, kebo iingie tundu la LAN, lile la mtandao wa ndani. Basi.

Na bodi ndogo za waifai za kuendeshea sensa, ESP8266, pamoja na ESP32 ya kawaida, hazijui 5 GHz. Kama rauta imeunganisha masafa yote mawili chini ya jina moja na bodi inasuasua, zitenganishe, ya 2.4 ipewe jina lake.

Mambo mawili ya Linux yenyewe, nisije nikaonekana naitetea kama mjomba wangu. Usiandike `/dev/ttyUSB0`, jina ambalo Linux inakipa kidude cha USB, kwenye mipangilio. Ukichomeka kidude cha pili au ukiwasha upya, sifuri inaweza kuwa moja. Tumia njia ndefu iliyo chini ya `/dev/serial/by-id/`, haibadiliki. La pili, kwenye Ubuntu 22.04 unaweza kuchomeka bodi yenye chipu ya CH340, ile inayoiunganisha na USB, `lsusb` ikaiona vizuri, lakini ttyUSB isitokee. Soma `dmesg` mpaka chini: utakuta brltty, programu ya kuwasaidia wasioona wanaotumia mashine za nukta nundu, imedhani chipu hiyo ni mashine yake ikaichukua. Kama nyumbani hakuna anayeihitaji, iondoe. Nimeona kijana akirudisha bodi nne dukani kwa sababu hii. Muuzaji alizijaribu kwenye kompyuta yake, zote zikawaka.

Mosquitto nayo, programu ya kupokezana ujumbe wa vifaa, kuanzia toleo la 2.0, usipoieleza isikilize wapi inasikiliza ndani ya mashine yenyewe tu. Weka mstari wa `listener 1883` na faili la nywila. Msiruhusu kila mtu aingie eti kwa kuwa ni mtandao wa nyumbani. Huo mtandao wa nyumbani wageni wote wa sherehe ya kipaimara wana nywila yake.

Kwenye pampu nendeni taratibu. Karibu kila nyumba ya mlimani ina simtanki la chini na la juu, na mteja wa kwanza atakayekuita atataka maji yapande yenyewe. Mimi nilifunga relei ndogo, swichi inayoamriwa na seva, iliyoandikwa 10A kuwasha pampu ya hp 1, kwa hesabu kwamba pampu inakula ampea tano hivi. Hesabu ilikuwa sahihi kwa pampu inayozunguka. Pampu inayoanza inavuta mara kadhaa ya hapo kwa nukta chache, na kila ikianza inachoma midomo ya relei. Wiki ya saba midomo ikagandana. Kwenye skrini seva ilionyesha pampu imezimwa, amri ilitumwa, logi safi kabisa, na wakati huohuo maji yanashuka ukutani hadi kwa jirani. Siku hizi relei inawasha kontakta, swichi kubwa ya mizigo mizito, kontakta ndiyo inabeba pampu, na tanki la juu lina floti ya kawaida inayokata umeme wa pampu bila kumuuliza mtu wala seva. Upande wa umeme mkubwa nauacha kwa fundi umeme.

Wadudu wa ziwani nao muwahesabu. Wakipanda ufukweni wanajaa kwenye kamera yenye mwanga wa usiku, na sensa ya mwendo inamwamsha mwenye nyumba mara arobaini. Tenganisheni taa ya nje na kamera, zisikae sehemu moja.

Mteja akitaka kuona nyumba yake akiwa Dar, msifungue mlango wa 8123, ule wa Home Assistant, kwenye rauta. Kwanza mara nyingi hata haitafanya kazi. Rauta za laini ya simu kwa kawaida hupewa anwani ya kugawana, tazameni ile ya upande wa nje, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 basi hakuna mlango wa kufungua. Jengeni njia ya WireGuard, handaki la siri la mtandao, kutoka ndani kwenda kwenye seva ndogo ya kukodi.

Na saa. Pi 4 haina saa yake ya betri. Umeme ukirudi bila intaneti, inaendelea na muda wa zamani, na ratiba zote zinachelewa kwa muda uleule umeme uliokuwa umekatika. Kichipu cha saa cha DS3231 kinamaliza hilo. Kisichomalizwa na kichipu ni sisi wenyewe. Mteja wa Pasiansi aliniambia taa za uani ziwake saa moja, nami nikiwa na usingizi nikaandika 01:00. Usiku wa manane uwanja ukawaka kama bandari, mbwa wakabweka mtaa mzima. Siku hizi taa za nje nazifunga kwa kuzama kwa jua, ambako hapa kwetu hakuhami sana mwaka mzima, na zile zinazotaka saa namsomea mteja kwa sauti: "Saa moja hii, mayu, ni giza likiingia au kukicha?" Akishajibu ndipo nahifadhi.