“Niwaambie wajukuu wamwite mama yao mama mdogo?”

Shangazi, mimi ni bibi wa miaka 64, naishi Igombe hapa Mwanza, naanika na kuuza dagaa. Nalea wajukuu wawili wa binti yangu: wa kike ana miaka 11, yuko darasa la tano, wa kiume anatimiza mitano Januari. Kila mmoja ana baba yake. Wa huyu mdogo ni mvuvi, alihamia visiwa vya huku ziwani na hatujamsikia tena. Binti yangu yuko Geita, amepata mchumba, na Desemba anamleta kumtambulisha. Sasa amenipigia simu: huyo mwanamume hajui kama ana watoto. Anataka niseme hawa ni wa marehemu dada yake, na wao wamwite mama mdogo. Hunitumia elfu hamsini kila mwezi. Naogopa nikikataa hela itakatika, au ndoa ivunjike aseme ni mimi. Nifanyeje?
Bibi, Igombe

Shikamoo mama.

Kataa. Nitakueleza namna ya kukataa bila kugombana na mwanao, lakini hilo lisikuyumbishe.

Anayenikosesha raha ni huyu wa darasa la tano. Anamjua mama yake vizuri kabisa. Ukimwambia mbele ya mgeni amwite mama mdogo, atakachosikia ni kwamba yeye ni aibu ya kufichwa. Na atatii, hapo ndipo pabaya: watoto wengi wanaolelewa na bibi hutii haraka kwa kuogopa kuonekana mzigo. Atapokea wageni, ataosha vyombo, ataitikia kila kitu, na hutajua kilichomo moyoni mwake mpaka awe mkubwa. Mdogo wake sina wasiwasi naye. Huyo ataropoka kabla soda hazijafunguliwa.

Halafu huyo marehemu. Hukuniambia kama kweli uliwahi kumzika binti mwingine. Kama ulimzika, unaombwa umsingizie watoto asiowazaa. Kama hakuwapo, unaombwa utunge msiba. Yote mawili mazito kwa mama wa miaka 64 kuyabeba mbele ya majirani waliomwona binti yako akiwa na mimba zote mbili. Upande wa mwanamume nao hutuma mtu kuulizia kabla ya kutoa mahari. Akifika mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha dagaa, akauliza wanawake wawili watatu wanaoanika dagaa, habari imekwisha.

Simlaumu sana binti yako. Wanaume wanaosema “silei mtoto wa mwenzangu” wapo, amewasikia, na ameogopa. Ila huyu mchumba kama ni mtu wa huku kwetu, jambo lenyewe si geni kwake. Kwa desturi ya Wasukuma, mtoto aliyezaliwa bila baba yake kutoa ng’ombe ni wa kwa babu mzaa mama. Wajukuu wako wana kwao. Wazee wa pande zote mbili wanajua kulizungumza hilo na kulimaliza. Wasichoweza kumaliza kirahisi ni bwana harusi kugundua baada ya mwaka kwamba ukoo mzima ulimdanganya.

Kwa hiyo mwite binti aje peke yake kabla ya Desemba. Geita si mbali, na mambo haya hayafai kwenye simu. Chagua siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika na wewe huna mzigo wa kuanika. Kaa naye pamoja na shangazi yake au mama mkubwa anayemheshimu, umwambie hivi: “Mimi sitakwenda kumwambia mchumba wako. Ni kazi yako, mwambie mwenyewe. Lakini mkija hapa, watoto watakuita mama.” Basi, usiongeze. Usimpigie huyo mwanamume, wala usimtume mtu kwake kwa siri. Akiachwa kwa sababu hiyo atalia, na atakulaumu kwa muda, mpokee tu.

Mjukuu wa kike usimweleze mambo ya mchumba. Lakini kama alisikia ile simu (na nyumba zetu zilivyo, huenda alisikia), mwambie waziwazi kwamba hatalazimishwa kumwita mama yake jina jingine.

Kuna karatasi pia. Kama huyu mdogo hana cheti cha kuzaliwa, nenda naye ofisi ya kata au kituo cha afya kabla ya Januari. Walio chini ya miaka mitano husajiliwa bure. Jina la mama liandikwe la mama yake halisi. Usimwandikishe kama mtoto wako kwa kumsitiri binti, maana kusahihisha baadaye ni kazi na gharama.

Na hiyo elfu hamsini. Unaiandika kama hisani ya binti kwako, wakati ni chakula cha watoto wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawadai wazazi matunzo, akina baba wakiwemo, hata huyo wa visiwani akipatikana. Nawe kama ndugu unayelea unaweza kuyadai. Ikikatika, mpe binti nafasi ya kujieleza kwanza. Akinyamaza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa yenu ya Ilemela. Atawaita mzungumze, na mkishindwana, mahakama ya watoto inaweza kuamuru kiasi cha kulipa. Zile sms za fedha alizokutumia usizifute.