Barua kwa Mwanangu: Mteja Anapotaka Kurudisha Viatu

Nansio, Ukerewe

Mwanangu,

Marahaba. Huku nyumbani tu wazima, baba yako anakusalimu sana.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mteja wa Bukoba ameomba kurudisha viatu kwenye lile soko la mtandaoni, anadai saizi 39 uliyomtumia inambana na rangi si ile ya pichani. Unaogopa ukikubali, kila mtu atarudisha. Ukikataa, atakuchafulia jina mbele ya wateja wengine. Jambo hili haliishi kwa kupigiana simu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza mjibu leo. Hata kama hujaamua, mwambie ombi lake umeliona, na umwombe picha mbili: ya kiatu kwenye mwanga wa mchana na ya soli. Mtu aliyelipa halafu akakaa siku tatu bila jibu huanza kuamini ametapeliwa, na akifika hapo hata ukimrudishia hela haikusaidii kitu.

Kisha fungua tangazo lako ulisome kana kwamba wewe ndiye uliyeko Bukoba. Kama uliandika nyekundu na ulichofungasha ni damu ya mzee, ana haki, na usimfanyie kama unampa hisani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Lile tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" tunaloliona madukani usilichukue. Wa dukani kiatu amekishika, amekivaa, amepiga hatua mbili. Wako ameona picha tu. Na kosa likiwa lako, nauli ya mzigo kwenda na kurudi ni juu yako, usimkate hata shilingi.

Mimi dagaa wangu wengi huvuka kwenda soko la Kirumba Mwaloni kule Mwanza, lakini nina wateja ambao kisiwa hiki hawajawahi kukikanyaga. Hutuma hela kwa simu wakangoja gunia. Dagaa walioanikwa mchangani na walioanikwa kwenye chanja si sawa, wa mchangani ukiwatafuna unasikia chembe kwenye meno. Mvua ikikolea hawakauki vizuri, ile rangi ya fedha inapotea, wanageuka manjano. Hayo huwa nayasema kabla hela haijatumwa. Wapo wanaoghairi, na huniuma, maana ada za shule hazingoji. Ila anayebaki anajua anachonunua, na gunia lake halirudi.

Nawe fanya hivyo kwenye viatu. Saizi 39 ya kiwanda hiki si 39 ya kile, kwa hiyo andika urefu wa ndani kwa sentimita. Mwelekeze mteja akanyage karatasi, achore mguu wake, apime kutoka kisigino hadi kidole kirefu. Picha piga nje asubuhi, zile taa za chumbani kwako zinabadilisha rangi. Vipimo vikiwa sahihi na kiatu bado kikambana, mkubalie kubadilisha, nauli alipe yeye, na sharti hilo liwe limeandikwa kabla hajanunua. Hapo soma Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ile sehemu ya kumlinda mlaji, masharti yako yasije yakapingana nayo.

Wajanja wapo, hilo sikufichi. Mtu anavaa harusini Jumamosi, Jumatatu anasema hakimtoshi. Kiatu kilichotembea kinajitangaza: vumbi limeingia kwenye mifereji ya soli, na juu pale vidole vinapopindia pana mkunjo usiofutika kwa kitambaa. Ndiyo maana kila jozi uipige picha ya soli kabla hujafunga boksi, uihifadhi pamoja na risiti ya mzigo. Ukiwa na ushahidi, kataa kwa upole, na maongezi yafanyike humo humo sokoni ili wasimamizi wayaone, msihamie kwenye WhatsApp. Hela nayo irudi kwa njia iliyoingilia. Akikuambia umtumie kwenye namba ya shemeji yake, usitume.

Sasa huyu wa Bukoba. Nimeitazama ile picha ya tangazo uliyonitumia, na kwenye rangi mimi namwona ana haki. Urefu wa kiatu hukuuandika, kwa hiyo hata la saizi huwezi kumshinda. Mwambie aukabidhi mzigo kwenye meli kwa gharama yako. Ukifika, ufungue mbele ya binti anayekusaidia, mpige picha, na viatu vikiwa havijavaliwa umrudishie hela siku hiyohiyo. Na tangazo hilo lisimamishe leo, kabla mwingine hajalipia rangi ambayo huna.

Mama yako