Tambua Kwanza Metali Unayotaka Kuisafisha

Wewe unayeanza kazi ya magari ya zamani, ukikuta bampa limefifia au kabureta imeota unga mweupe, usikimbilie msasa. Nimeona vipuri vingi vilivyostahimili kutu kwa miaka, vikaja kuharibiwa na msafishaji siku moja.

Shika sumaku. Ikinasa vizuri, hapo pana chuma, hata kama juu kimepakwa kromu. Isiponasa, huenda ni alumini, shaba, au zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, ambayo ilitumika sana kwa vitasa na nembo. Angalia pia rangi: chuma huota kutu ya kahawia, shaba hugeuka kijani, alumini na zinki hutoa unga mweupe.

Kromu ndiyo inayoonewa zaidi. Utando wake kwa kawaida hautimii hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na chini yake huwa kuna nikeli. Osha kwa maji ya sabuni, kisha chukua karatasi ya alumini, iloweshe, usugue taratibu kwenye vidoa vya kutu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi. Ukiona kromu imevimba malengelenge, acha: kutu imo chini yake, na kila unavyosugua unabandua zaidi. Kipuri hicho kinahitaji kupakwa upya. Ule umanjano na ubuluu kwenye bomba la ekzosi nao si uchafu, umeletwa na joto.

Dawa kali za kusafishia oveni usizipeleke kwenye alumini. Nyingi zina kostiki soda, ambayo huila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na ile rangi ya dhahabu kwenye kabureta au bolti za zamani mara nyingi ni kinga iliyowekwa kiwandani. Ukiing'arisha mpaka iwe nyeupe, umeivua.

Kwa vipuri vya kawaida vya chuma, siki inatosha. Loweka, chungulia mara kwa mara, suuza kwa maji mengi, kausha na upake mafuta papo hapo, kwani chuma kitupu chenye unyevu huanza kutu upesi mno. Springi na bolti ngumu zibaki nje ya asidi yoyote, hata siki hiyo: haidrojeni hupenya ndani yake, zikaja kukatika ghafla zikiwa zimebeba mzigo. Asidi isikutane kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo, maana gesi inayotoka huunguza mapafu. Vaa glovu na miwani, fungua milango.

Kwenye breki, vumbi lenyewe ni hatari kuliko kutu. Pedi na viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo usipulize kwa kompresa wala kupiga brashi kavu. Lowesha, futa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifunge kwenye mfuko kikiwa bado kimelowa.